Sikutoka Kundini

Saadani, Bagamoyo
Jumapili jioni

Kaka Obedi,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu Mama alitufundisha kwamba hata mtu unayekwenda kugombana naye unamwamkia mlangoni. Hujambo wewe? Wifi na watoto hawajambo? Mama miguu bado inamsumbua na hiyo baridi ya Njombe? Mwambie soksi nilizomtumia ni za kuvaa, si za kutunza sandukuni akisubiri wageni. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu umenikatia mara mbili, na ule ujumbe wa sauti niliokutumia nasikia uliwasikilizisha wazee wenzako wa kanisa kipande kile tu ulichokitaka. Barua hii anakuja nayo mwalimu mwenzangu anayerudi huko likizo, nimemwomba aifikishe mpaka mkononi mwako. Msomee Mama yote, pamoja na mahali ninapokusema vibaya. Mkalishe mwanangu Neema karibu yako afuatilie kwa macho, maana nakujua, utaruka.

Juzi Neema alinipigia kwa simu ya wifi. Nilidhani anataka kunieleza habari za darasa la kipaimara, nikakaa mkao wa kusikiliza. Badala yake akaniuliza, "Mama, siku hizi unaitwa nani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, unauliza nini?"

Akasema, "Mjomba anasema mtu akisilimu anapewa jina jingine. Nilitaka kulijua, nisije nikakosea kukuita."

Kaka, baba yake Neema aliponiacha nilidhani nimeshaumia kiasi cha mtu kuumia. Sikuwa nimeumia. Mtoto yule hakuwa analia wala hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiuliza kwa adabu, kama mtu anayemuuliza mgeni jina. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata simu. Tangu siku hiyo nina hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu nizaliwe, nami naiweka yote humu.

Hukumu yenu nimeipata. Mmesema nirudi kundini. Nije Jumapili nisimame mbele ya watu wote, nikiri kwamba niliiacha imani, niombewe, ndipo niruhusiwe kusimama nyuma ya mwanangu siku ya kipaimara na kumwekea mkono begani kama wanavyosimama wazazi wengine. Nisipokuja kukiri, atasimama wifi mahali pangu. Bega la mtoto wangu lishikwe na mtu mwingine na mimi ni hai, nina miguu na nauli! Kikao hicho mlikaa lini? Nani alitumwa kuja kuniuliza? Hata mwizi wa kuku huulizwa kuku alimpata wapi.

Ushahidi wenu nao nimeambiwa. Wa kwanza ni maneno niliyomwambia Mama kwa simu alfajiri, adhana ikisikika nyuma yangu, kwamba hiyo ndiyo inayoniamsha kusali. Mama akayasimulia kwa furaha kwenye kikundi cha akina mama, wewe ukayachukua ukayapeleka kwa wazee. Wa pili ni picha. Niko barazani, nimekaa mkekani na wenzangu, nimejitanda mtandio kichwani, nimefumba macho na viganja vimefunguka, na pembeni yupo mwanamke wa Kiislamu. Picha hiyo niliituma mwenyewe, Kaka. Niliituma kwa sababu nilikuwa nimefurahi.

Sasa nisikilize.

Nilipohamishiwa huku nilikuja nikiwa mtu aliyevunjika, na wewe unajua, maana ulikuwepo nilipomwachia Mama yule mtoto nikapanda basi peke yangu. Nyumba ya mwalimu ilikuwa haina bati upande mmoja, nikapangishiwa chumba kwa Bi Zuhura, mama wa makamo anayeanika kamba na dagaa na kushona kofia. Kanisa hakuna. Mchungaji yupo mbali, na mvua zikikata barabara haonekani. Huko kwetu ilikuwa kengele inakuambia amka, kwaya inakuambia Jumatano imefika, shangazi anakupitia mlangoni ukichelewa. Huku hakuna wa kunipitia. Nilikuwa natoka shule nalala. Naamka nakula nilichokikuta, au sili. Jumapili nafua nguo au silali wala siamki, nipo tu natazama ukuta. Nilikuwa sijamkataa Mungu. Nilikuwa sijui saa ya kumkuta.

Mwaka mzima huo, mzee wa kanisa, hukunipigia hata siku moja kuniuliza dada yangu unasali wapi, unasali na nani. Umenipigia siku uliposikia nimepotea.

Aliyeniuliza ni Bi Zuhura. Asubuhi moja alikuwa anawafukuza ngiri uani kwa ufagio, maana huku ngiri wanazunguka vijijini kama mbuzi, hakuna anayewala. Akanikuta nimekaa mlangoni na nguo ya kulalia na jua limeshapanda. Akaniambia, "Mwalimu, wewe una maradhi au una msiba?"

Nikamwambia sina kitu, Bi Zuhura.

Akasema, "Basi kwenu hakusaliwi? Maana mie Wakristo nnaowajua wana Mungu wao, wanaimba mpaka wanatukera. Wewe mbona hatukusikii? Alfajiri kimya, mchana kimya, Jumapili yenu kimya. Nimempangisha nani mie?"

Nikafikiri sasa ataanza kunivuta. Nikajiweka tayari kujitetea. Akaniona usoni, akacheka.

"Sikwambii usilimu. Wajukuu wananitosha kunisumbua, sitaki wa kumfundisha tena. Ninachotaka ni mpangaji anayemjua Mola wake. Adhana ikilia, mie naingia changu, na wewe ingia chako. Usiposali nitakujua, kwani ukuta huu ni mwembamba."

Niliona aibu, Kaka, na nilimkasirikia. Lakini kesho yake adhana ilipolia nikamsikia upande wa pili anamwaga maji ya udhu, nikajua ananisikilizia. Nikaamka. Nikapiga magoti nikasema Sala ya Bwana, na katikati nikasahau. Mimi, niliyeifundisha darasa zima la watoto huko nyumbani, nikasahau! Nikaanza upya, mara hii kwa sauti, ili yule mwanamke asikie na anipe amani. Alipotoka uani akasema tu, "Umechelewa, lakini umefika," akaenda kuangalia dagaa wake.

Tangu hapo siku zangu zikapata miguu. Alfajiri adhana inaniamsha, nasoma Biblia yangu, naomba kwa jina la Yesu, namtaja Mama, namtaja Neema, na wewe nilikuwa nakutaja, sasa hivi nakutaja kwa shida. Naweka chai, naenda shule. Kipindi cha dini kikifika shuleni, watoto wanakwenda kwa ustadhi wao. Nikagundua kwamba watoto wa wafanyakazi wa hifadhi ya wanyama, ambao ni Wakristo, walikuwa wanakaa nje wakichora mchangani mpaka kipindi kiishe. Hakuna aliyewahi kuwafundisha. Nikawachukua. Unajua nilivyokuwa najiuliza kwa nini Mungu amenileta mahali hapa pa chumvi na mbu? Niliacha kujiuliza siku ile. Watoto wale walipojua nyimbo wakawaimbia mama zao, na mama zao wakanifuata: tusali wapi, mwalimu?

Kwangu chumba ni kitanda na ndoo. Nikamweleza Bi Zuhura, nikiwa najua atakataa, na ningekuwa mimi ningefikiri mara mbili. Akauliza, "Mtapiga ngoma?" Nikasema hatuna ngoma. Akaingia ndani akatoka na mkeka wake mzuri, ule wa wageni, akautandika barazani kwake. "Jumapili hapa ni penu. Viatu muache chini."

Kaka Obedi, hiyo ndiyo picha uliyowaonyesha wazee. Ni ibada ya Jumapili! Ile ni sala ya mwisho kabla hatujaachana. Huyo niliyekaa naye bega kwa bega ni mke wa askari wa hifadhi, Msukuma, amebatizwa kabla yako. Nyuma yake ni mpishi wa kambi ya watalii, anaimba sauti ya tatu vizuri kuliko yeyote kwenye kwaya yenu. Bi Zuhura ndiye yule wa pembeni, anachambua mchele kwenye ungo, kwa sababu ni kwake na mchana unakuja, watu watakula nini? Mkeka tunakalia kwa kuwa hatuna mabenchi. Mtandio nimejitanda kwa kuwa nipo kwenye baraza la watu wazima, na jua la huku si la Njombe. Mama kila Jumapili anafunga kitambaa kichwani anaingia kanisani. Mbona yeye hujamwita kikaoni?

Uliikuza picha ile kwa vidole viwili, nimeambiwa, ukawa unawaonyesha wazee mtandio, ukawaonyesha mkeka. Hukuona midomo yetu ilivyofunguka? Ulitazama kila kitu isipokuwa uso wa dada yako. Ungenitazama usoni ungejua, kwa maana ulikuwa unanitazama tangu tukiwa wadogo na uliwahi kuujua uso wangu ukiwa na furaha.

Nimemwambia Bi Zuhura yaliyonipata. Sikutaka, lakini aliniona nimevimba macho. Yeye amekasirika kunishinda. "Kaka yako kanisingizia," akasema, akiwa amesimama, mkono kiunoni. "Mie nimemsilimisha nani? Mwambie angenijia mwenyewe. Ningempikia wali, ningemkaribisha vizuri, kisha ningemuuliza: huyu dada yako alipokuwa halali wala haamki, wewe ulikuwa unasali saa ngapi?"

Swali hilo si langu kulijibu. Nakuachia wewe.

Kisha akaniuliza kipaimara ni kitu gani. Nikamweleza kwamba mtoto anasimama mwenyewe mbele ya watu na kuikubali imani aliyobatiziwa alipokuwa mdogo, na huvaa nguo nyeupe. Jioni akanijia na kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka kwa kazi ya kofia, akaniambia nimpe vipimo vya Neema. Amelishona gauni lote kwa mkono, na kwenye shingo na mikono ametia ile kazi ya vitundu anayotia kwenye kofia za wanaume wa huku, kidogo kidogo, mpaka macho yanamuuma. "Msalaba sijui kuushona," akasema, "nikikosea itakuwa haya mbele ya Mola. Nitamtia viua, maua madogo." Viua vimezunguka shingo yote. Sijaona gauni la namna hiyo katika kanisa letu, nawe hujaliona.

Basi haya ndiyo nitakayofanya. Nitafika siku moja kabla ya kipaimara. Jumapili Neema atavaa gauni hilo. Atakapoitwa jina lake nitatoka kwenye benchi nilipokaa na Mama, nitasimama nyuma yake, nitaweka mkono wangu begani mwake, juu ya viua vya Bi Zuhura. Ukitaka kuniondoa, uje uniondoe pale, mbele ya usharika mzima, kwa mkono wako mwenyewe. Kurudi kundini sirudi. Anayerudi ni aliyetoka. Mimi nilikuwa nimeachwa nyuma na kundi zima, na wewe ukiwa mbele hukugeuka hata kuhesabu.

Sijamaliza hasira, lakini karatasi inaisha. Ukitaka kuniomba radhi, usiniombe mimi. Kaa na Neema umweleze ulichokosea, kwa maneno ya mtoto.

Mama mpe mikono yangu miwili, mwambie simlaumu kwa kusimulia, alisimulia kwa mapenzi. Wifi msalimie sana, sina ugomvi naye, ila mwambie lile bega lina mwenyewe. Shangazi wa kwaya mwambie nyimbo zake zinaimbwa pwani. Baba mdogo, fundi aliyetengeneza mabenchi ya kanisa, mwambie atengeneze na fupi moja la kubebeka, nitarudi nalo huku. Jirani yetu muuza viazi asalimiwe. Bi Zuhura naye anakusalimu, ingawa alisema nisiandike.

Neema mwanangu, najua unafuatilia hapo pembeni. Siku ile mtandao haukuwa na shida, ni mimi nililia. Umeniuliza siku hizi naitwa nani. Mjomba akifika hapa mwambie anyamaze, usome mwenyewe kwa sauti, Bibi asikie.

Mama yako, kwa jina nililobatizwa nalo na ambalo sijapata kulibadilisha,

Tumaini