Mvumo Chini ya Kiganja

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na wapwa zangu mko salama, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimeshaisha. Huku hatujambo, ila nina jambo zito moyoni. Naomba usome hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Barua yako nimeipata. Unasema tangu Mama arudi kwako kutoka kunitembelea hashiki tena sindano, kwamba anadai mikono yake imekufa, hata kitambaa cha mteja wake wa siku zote amekirudisha bila kukikata, na kwamba unataka kumpeleka hospitali. Tafadhali, subiri kwanza.

Unaikumbuka redio yake ya mbao, ile ya valvu, vile vitaa vya kioo vinavyopata moto kwanza ndipo isikike, aliyoniachia nimtunzie alipohamia kwako. Unaujua pia ugonjwa wangu wa kuchokonoa vyombo. Niliifungua nikidai naifuta vumbi tu, nikaziona transfoma zake mbili, nzito kama matofali, chuma cha kale ambacho siku hizi hukipati kokote. Shetani akanipitia, nikazing'oa. Nikapima koili zake za waya, nikatafuta valvu za kuendana nazo, nikachora amplifaya nzima kuanzia kwenye zile transfoma, kama Mama anavyoanza na kitambaa alicholetewa ndipo afikirie mshono. Kilichonisumbua kuliko vyote ni mvumo wa umeme. Nikaigeuza transfoma moja ikaipa nyingine ubavu, nikaziwekea raba chini, mpaka pakawa kimya kabisa. Wenzangu kazini walikuja kusikiliza, wakaanza kuniita Injinia, nami nikavimba kichwa.

Ndipo Mama akatuma salamu kwamba anakuja, na kwamba ameikumbuka redio yake. Ningeweza kusema kweli siku ile ile. Badala yake niliisokomeza amplifaya yangu ndani ya lile sanduku la mbao, nikaiunganisha na sehemu ya kushikia stesheni, nikapiga rangi palipochubuka. Nilijiambia atafurahi, maana sauti ilikuwa safi kuliko zamani.

Alipofika hakutaka hata chai. Alivuta kiti, akaiwasha mwenyewe, akaweka kiganja juu ya sanduku akisubiri valvu zipate moto. Hapo ndipo nilipokumbuka, dada, na nilikuwa nimechelewa. Tangu masikio yake yapungue nguvu, Mama anaijua redio yake kwa kiganja. Ule mvumo nilioupiga vita ndio uliokuwa ukimwambia kwamba imeamka. Alikisogeza kiganja huku na huku, kisha akasema taratibu, "Hii si yangu."

Nilikuwa na nafasi ya kupiga magoti. Nilichofanya ni kuinama karibu na sikio lake, nikapaza sauti ili asikie vizuri: "Ni yako, Mama. Mikono yako tu ndiyo imezeeka."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloninyima raha. Aliitazama mikono yake mbele na nyuma, akaiweka mapajani kama vitu vya kuazima, akaniomba radhi kwa kunishuku. Mama aliniomba radhi mimi, nami nikaipokea, nikaenda kumletea chai.

Dada, mikono ya Mama ni mizima. Mimi ndiye niliyeisingizia. Naona haya hata kukuandikia, na nikipata picha amekaa hapo kwako bila kushona, natamani ardhi inimeze.

Amplifaya nimeibomoa. Transfoma nimezirudisha zilipokuwa, bila raba, na redio inavuma kama zamani. Jumamosi nitaileta mwenyewe. Sitaituma kwa mtu. Jinsi ilivyokuwa nitamweleza mimi, uso kwa uso. Lakini usimwache na uongo wangu mpaka siku hiyo. Mwambie leo hii kwamba mikono yake ilisema kweli.

Wasalimie shemeji na watoto. Mpe Mama shikamoo yangu, na umrudishie sindano yake.

Ni mimi,
Mdogo wako