Waya Ulioungua Chini ya Kiti

Binti yangu fundi,

Lori lisiwashwe. Nimechomoa waya wa betri na funguo ninazo. Chai ipo kwenye chupa. Mama yako apate dawa kabla hajala.

Asubuhi niliposikia harufu ya kuungua nilikufokea mbele ya majirani, kwamba hizo taa za ziada ulizofunga zitaniua. Ukaondoka. Basi nimefungua dashibodi. Waya wako umepita ndani ya mpira wa kuukinga, umefungwa kila shubiri, una fyuzi, mzima kama ulivyotoka dukani. Nyani haoni kundule: ulioungua ni wangu, wa feni, niliopitisha chini ya kiti bila fyuzi. Reli ya kiti imeula mpaka shaba.

Lile lori lililoteketea na kaka yako, feni yake niliifunga mimi. Waya chini ya kiti, vivyo hivyo. Miaka minne mama yako anamlaumu marehemu kwa sigara zake, nami nimenyamaza.

Nimeenda kununua fyuzi, kwa miguu. Nikirudi utavuta waya wewe, mimi nishike tochi.

~~Mama yako usimwambie.~~

Mama yako nitamwambia mwenyewe, leo. Usitoke nyumbani.

Baba yenu