Kipande cha Bunduki Nilichokuahidi

Woolwich,
London.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Laurean,

Pokea salamu zangu nyingi, nikiomba zikukute mzima, umerudi kutoka doria na viungo vyako vyote. Wifi Haika hajambo? Na binti yenu, ninayemjua kwa picha tu, ameshaanza kutambaa? Mama ameniambia senene wameanza kuanguka Bukoba na kwamba amekukaangia kopo lako. Langu hakulitaja.

Sisi huku hatujambo, ila baridi imeingia bila hodi. Shemeji yako Deus bado anaendesha basi zamu za alfajiri. Advera amenipita urefu; ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, halafu anakujibu Kiingereza. Mimi nipo palepale kwenye nyumba ya kulea wazee, nawainua na kuwashusha, na mgongo wangu unanisema kila jioni.

Usishangae kuona nimekuandikia kwenye karatasi. Kuna mama wa jumuiya yetu anasafiri, ndiye atakayeibeba. Kwenye simu nimejaribu, lakini kila nikianza naishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Sasa nasema: Laurean, kile kipande sitakileta.

Unakumbuka tulivyokaa mezani kwa Mama Krismasi iliyopita. Nilikuwa nimeshiba ndizi na sifa. Nikawasimulia habari za klabu yetu ya shabaha, jinsi risasi kubwa zilivyo ghali hata mtu anaogopa kupiga chafya asije akafyatua moja bure. Nikaeleza jinsi Deepak, mwalimu wetu, alivyonionyesha kipande cha kufanyia mazoezi: unasukuma pini mbili, unatoa nusu ya juu ya bunduki pamoja na mtutu wake, unapachika nusu nyingine inayotumia risasi ndogo. Kitako ni kilekile, triga ni ileile, jicho na kidole vinajifunza vilevile, ila risasi zenyewe ni za bei ya karanga na bega halipati kipigo. Ulisikiliza hadi mwisho, ukasema, "Dada, sisi askari wa wanyamapori risasi za mazoezi tunagawiwa kama dawa. Hicho kitu kingetufaa kweli." Nami, mdomo umejaa, nikajibu mbele ya Mama, "Chukulia ni chako. Nikija tena nakuja nacho."

Unajua kwetu kulivyo. Jambo likishasemwa mezani mbele ya Mama, halirudiwi. Anayeuliza tena anaonekana anamdharau aliyeahidi. Ndiyo maana hukuniuliza hata mara moja mwaka mzima, na mimi nikauchukua ukimya wako kama nafasi ya kujinyoosha. Ungeniuliza tu bunduki yangu ni ya aina gani, tungeyamaliza mwezi wa kwanza.

Mwezi wa tisa ndipo nilipoanza kufuatilia, kwa kuwa nauli ya Desemba ilikuwa imeshalipwa. Nilikuwa nimeshakipangia mahali kwenye begi, katikati ya mashuka ya Mama na nguo za mtoto. Namshukuru Mungu niliuliza kwanza. Ofisa wa polisi anayeshughulikia leseni zetu, kijana mpole kabisa, aliniambia kwamba kwa sheria za huku kipande kile peke yake kinahesabiwa kama silaha. Kimeandikwa kwenye leseni yangu sawa na bunduki nzima, hakitoki nchini bila kibali, na huko nako kisingepokelewa bila kibali. Fikiria dada yako anashushwa kwenye ndege ya kwenda nyumbani, mtutu umeviringishwa kwenye vitenge! Deus alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Hata hivyo nilijiambia vibali vinaombwa, nikaanza kukusanya karatasi. Jumamosi moja nikampelekea Deepak ile picha yako ya doria ili anisaidie kueleza bunduki yako ni ya namna gani. Deepak alizaliwa Tanga, na Kiswahili chake hakijapata kutu. Aliivuta picha karibu na miwani, akaniangalia kwa huruma.

"Dada Restuta, hii ni SMG, hizi AK za huko kwetu, bwana. Yako ni ukoo mwingine kabisa. Kipande chake hakiwezi kukaa hapa."

"Hata tukikirekebisha kidogo?"

"Hata ukileta fundi na nyundo, hakikai."

Laurean, mimi nimebeba SMG. Nilikimbia nayo kambini JKT hadi ikanichubua bega, nikailalia, nikaifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Halafu leo nimekaa Woolwich nikadhani vipande vya bunduki ni kama mifuniko ya sufuria, ukikosa huu unafunika na ule! Nilitamani sakafu ya klabu inimeze.

Ingekuwa nimekuahidi viatu au saa, nisingepoteza wino. Lakini wiki iliyopita nilimpigia Haika kumwuliza saizi ya nguo za mtoto, na katika maongezi akaniambia mambo uliyokuwa umenificha. Kwamba mkuu wako, Afande Muhsin, amelipendekeza jina lako kuwa mwalimu wa shabaha wa askari wapya watakaoanza Januari, pale kituoni, karibu na nyumbani, kwa sababu ulimwambia kifaa cha mazoezi ya bei nafuu kinakuja kutoka kwa dada yako. Na kwamba mwezi wa tatu ulipewa nafasi ya kukaa kwenye geti la hifadhi, ukatoka doria kabisa, ukaikataa. Ulimwambia mkeo, "Dada hajawahi kusema kitu kisiwe." Mwenzako akaichukua nafasi hiyo, na sasa yuko getini anakagua magari ya watalii na kulala kwake kila siku.

Haika hakuniambia kwa kunilaumu. Alikuwa anafurahi, anahesabu wiki za kurudi kwako. Nilishindwa kumkatisha. Nilimwambia haya, wifi, tutaongea, nikakata simu nikalia jikoni mpaka mchele ukaungua.

Jana nilikwenda klabuni kama kawaida, nikakipachika kipande kile, nikalala kifudifudi kwenye mkeka. Ile risasi ndogo ina kamlio kadogo, kama kijiti kinavunjika. Mbele yangu kuna karatasi yenye duara. Nikikosa, karatasi hainifanyi kitu. Nachukua nyingine, halafu tunakunywa chai kwa biskuti. Nikakufikiria wewe na majangili huko porini, ambao wana risasi nyingi kuliko ninyi. Nikafungua bunduki na kuirudisha kwenye sanduku lake kabla zamu yangu haijaisha. Advera alikuwa ananisubiri nje akaniona uso.

"Mum, what's wrong? Is it Uncle Laurean?"

"Mjomba wako mzima," nikamwambia. "Mimi ndiye mbovu."

Deepak amenituma nikupe zoezi lisilohitaji risasi. Ikague bunduki iwe tupu kabisa, ikague tena, kisha weka sarafu juu ya mtutu karibu na ncha, lenga ukutani, bana triga taratibu. Sarafu ikianguka, mkono wako umeyumba. Anasema askari wapya wakifanya hivyo kila asubuhi watabadilika hata kwa risasi chache. Mwonyeshe Afande Muhsin, huenda likasaidia. Lakini sitakudanganya mara ya pili: si sawa na kile nilichokuahidi, na yeye atalijua hilo.

Naomba umwambie Afande mapema, kabla hajapeleka majina juu, usije ukaonekana mwongo kwa kosa langu. Mwambie ni dada yako aliyesema asichokijua. Mama usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikifika Desemba, mezani palepale. Haika naye mpe barua hii aisome yote, usimrukishie mahali.

Msalimie sana Mama, shangazi Verediana na watoto wake, na umbusu binti yako kwa niaba ya shangazi yake. Deus na Advera wanawasalimu. Mungu atembee mbele yako kwenye nyasi ndefu, na akurudishe kila mara.

Jambo la mwisho. Haika anasema ukitoka doria unapanda kwanza kile kilima chenye mtandao, unampigia yeye, kisha Mama. Mimi hunipigii, eti hutaki kunisumbua kazini. Nisumbue, Laurean. Niandikie neno moja tu, "Nimerudi", saa yoyote. Mwaka huu wote Haika amelala vizuri akijua ifikapo Januari unatoka porini. Sasa hutoki, na mimi ndiye niliyekubakisha huko.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kuliko ninavyojua kusema,

Restuta