Matanga ya Ndege wa Bwana

Matombo, Uluguru
9 Juni 1911

Mpendwa mdogo wangu Alois,

Marahaba! Najua umeniamkia kabla hujafungua barua, maana nilikulea mwenyewe. U hali gani huko Dodoma kwenye reli? Kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila mbavu zinatuuma kwa kucheka.

Mwezi uliopita alikuja Bwana mmoja Mdachi kutafuta ndege. Alimtaka yule mweusi kichwani, manjano kifuani, akaaye vileleni mwa miti mirefu tu, ambaye sisi humsikia bila kumwona. Alipompiga mmoja risasi akampima mdomo, akampima miguu, asione ukoo wa ndege unaomfaa. Mwishowe akampa jina la ukoo wake mwenyewe!

Basi akataka wengine, na kwa kuwa hawashuki, akaamuru miti ikatwe. Miti ipi? Ile ya msitu wetu, inayofunika kaburi la mama! Nililia, Alois. Nani angembishia, na kiboko kinaning'inia mlangoni mwa hema?

Mjomba Lukasi akauliza tu, "Ndege ana jina la ukoo wa Bwana? Basi Bwana amefiwa."

Jioni ile tulikwenda kumpa pole kijiji kizima, wanawake tukiangua vilio. Na desturi unaijua, mfiwa hulisha waombolezaji. Mpishi wake Petro alimweleza hivyo bila hata kutabasamu, kisha akabandika sufuria. Balaa lilikuwa mtani wetu Dadi. Alijipaka majivu, akajilaza kitandani mwa Bwana, akasema yeye ndiye marehemu, na marehemu hali wali mtupu, anataka kuku. Loo!

Tulikaa matanga mpaka mchele ukaisha. Mjomba akamwambia kwa upole, "Bwana, ukikata miti watakufa jamaa zako wengi. Tutakuja tena, na watu wa Mlali tutawaalika." Bwana akatutazama, akatazama gunia tupu. Asubuhi akafunga hema, akaenda zake.

Miti imesimama. Jana nilikwenda kupalilia kaburi la mama, wale ndege wakaimba juu yangu, sikumwona hata mmoja. Nikakumbuka kuwa katika vilio vyote vile hakuna aliyemlilia yule aliyepigwa. Nikaweka jembe chini, nikamlilia kweli.

Shemeji yako Severini anakusalimu, na shangazi Kristina anauliza utaoa lini. Mungu akutangulie kazini na akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Agnes