Mboga ya siku tatu kwa mtu wa dakika moja

Jumamosi, jioni. Kitengela.

Upepo umeshinda ukivuma kutoka upande wa Kajiado na vumbi lake lote. Nguo nilizoanua ni kama sikuzifua. Na mimi pia niko hivyo hivyo, nimeoga lakini sijihisi msafi. Nimekasirika tangu saa saba mchana na bado sijajua nimemkasirikia nani.

Wacha niandike, labda nitajua.

Wale mmesoma hapa kitambo mnamjua Nafula. Ni yule dada wa mapishi ya kwetu magharibi, anayepika mrenda na kunde na sagaa kwenye video za simu, akiongea polepole kama mtu anayekuhurumia. Mama yangu alipofariki nilikuwa na mimba ya Imani, miezi mitano, na sikuwa nimejifunza kwake kitu zaidi ya ugali na chai. Nilikuwa na haraka ya kuondoka nyumbani. Kupika nilisema nitajifunza baadaye. Nilidhani ataningoja.

Kwa hiyo Nafula ndiye alinifundisha. Mtoto kwa mkono mmoja, simu imeegemezwa kwenye kopo la unga.

Sasa shida yangu ni hii, na sijawahi kumwambia mtu. Nimepika sagaa karibu miaka mitatu nikisema ni ya mama, na sijui kama ni ya mama. Nakumbuka rangi yake, ile kijani inayokaribia kuwa nyeusi. Namkumbuka mama akilamba mwiko amefumba macho. Lakini ladha yenyewe imeenda. Baba Imani nikimuuliza anasema "iko sawa." Huyo hata nikimchemshia gazeti ataniambia iko sawa, kisha aombe ugali zaidi.

Niliposikia Nafula anakuja hapa kwetu kusaini kitabu chake, kwenye mol, orofa ya juu, nikaamua. Ataonja. Kijiko kimoja tu, aniambie kama hivi ndivyo ilivyo nyumbani. Yeye ni wa huko. Atajua.

Sagaa ya kwetu haipikwi siku moja. Ni mboga chungu. Unachambua majani, unachemsha, unamwaga yale maji, unatia maziwa, unaacha ilale. Kesho yake unapasha, unaongeza maziwa, inalala tena. Siku ya tatu ndiyo inaliwa. Nilianza Alhamisi. Maziwa nilichukua kwa jirani yetu Mmaasai, yeyo Naserian, yaani mama Naserian, ambaye anayaweka kwenye kibuyu alichokisugua ndani kwa kijinga cha moto ndio yasiharibike. Yana moshi kidogo. Nilipomwambia ni ya mgeni, akanijazia mpaka juu.

"Huyo mgeni ni askofu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni zaidi.

Leo saa tano nilikuwa pale. Imani mgongoni, hotipoti kwenye kiondo, kitabu nimeshanunua. Foleni ilikuwa imeshuka ngazi mpaka mlango wa supamaketi. Wanawake wamependeza, nywele zimetengenezwa, na mimi bega moja lina uji.

Mama mmoja nyuma yangu, mcheshi, sauti ya watu wa Kiambu, akanusa hewa.

"Wewe mama, umebeba nini?"

"Sagaa."

"Ya kula hapa?"

"Ya kumwonjesha Nafula."

Akacheka mpaka akanishika mkono. "Wueh! Wenzako tumebeba kalamu, wewe umemletea mwalimu homework!" Foleni yote ikacheka. Mimi pia nilicheka, lakini sikupenda. Ila yeye ndiye alinishikia nafasi mara mbili nikimpeleka Imani choo, kwa hiyo Mungu ambariki.

Saa mbili nzima. Imani alilia, akalala, akaamka akalia kwa sauti mpya.

Karibu na meza kulikuwa na msichana wa kupanga watu, amevaa fulana ya kazi. Alipoona nafungua kiondo akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Madam, chakula haturuhusu."

"Si chakula, ni kuonja tu."

"Kuonja ni kula, madam."

Sikubishana. Nilisimama pale pale. Mimi nimesukuma mtoto wa kilo nne nikiwa nashikwa mkono na mtu nisiyemjua, siwezi kuondolewa kwenye foleni na msichana wa fulana. Nikamwambia polepole kwamba nimepika siku tatu, na kwamba sitoki. Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Nafula mwenyewe akainua kichwa.

"Kuna nini hapo? Mwache apite."

Ni mzuri kuliko kwenye simu. Pia amechoka kuliko kwenye simu, niliona chini ya macho. Nikafungua hotipoti, nikampa kijiko nilichokifunga kwa leso safi. Yule msichana hapo hapo akainua simu aanze kupiga picha.

Nafula akaweka kijiko mdomoni, akaangalia simu, akasema, "Mmmh! Tamu ajabu!"

Hakuwa amemeza.

Nikajua hiyo ni ya kamera. Nikangoja simu ishuke, nikamwinamia. "Dada, nisaidie. Hii iko kama ya nyumbani? Mama yangu alienda kabla sijamuuliza."

Akaniangalia vizuri sasa. Nitampa haki yake, hakunidanganya.

"Dear, mimi nyumbani nilitoka nikiwa darasa la tatu," akasema kwa sauti ndogo. "Haya mengi nimeuliza watu, mengine nimejaribu tu hapa Nairobi. Lakini hii yako ina moshi, eh? Moshi sidhani kama unafaa kuwepo."

Kisha akaandika kitabuni, akampungia Imani, na mama wa Kiambu akawa ashasogea mbele na simu yake ya selfi.

Dakika moja. Labda haikufika.

Nilikaa kwenye ngazi za nje nikafungua kitabu. Ameniandikia, "Pika kwa upendo." Upendo haupiki sagaa. Sagaa inapikwa kwa maji, maziwa na subira. Nikatafuta ukurasa wa sagaa. Juu kumeandikwa kwa herufi kubwa: dakika ishirini. Chini, siri ya mpishi: krimu ya pakiti.

Dakika ishirini! Kwenye simu alinifundisha siku tatu.

Nikampa Imani kijiko, angalau mtu mmoja ale. Alionja, akanitemea kwenye kiganja, akaniambia, "Mama, chungu." Nikamfuta mdomo. Nikamwambia hatutemi chakula cha watu, tunasema asante sijapenda. Akasema asante sijapenda. Nikala mwenyewe, pale kwenye ngazi, watu wakipita na mifuko yao, na kila kijiko nikitafuta mama ndani yake. Nikapata moshi tu.

Sasa hapa ndipo nilitaka kuacha kuandika. Lakini nilisema huku siandiki uongo.

Nafula hana makosa. Mimi nilienda kumuuliza mtu wa kwenye simu swali ambalo lina mwenyewe. Mama yangu ana mdogo wake, mama mdogo Jerida, wamekula chungu kimoja tangu watoto. Yuko nyumbani Kakamega, yuko hai, ana simu. Na nilijua tangu zamani kwamba yeye ndiye wa kuulizwa. Sijaongea naye tangu mazishi.

Siku ile baada ya kuzika alibeba chungu cha mama cha kupikia mboga. Hakuuliza mtu. Nikamwambia mbele ya watu wote, wazee na wageni wa kanisa, "Mama mdogo, ulikuja kuzika ama ulikuja kuchagua vyombo?" Kwetu mtoto haongei hivyo na dada ya mama yake. Aliweka chungu kichwani akaenda. Na mimi nikajiambia nina haki, nina mimba, nimefiwa.

Nimekaa na haki yangu miaka mitatu. Haijui kupika.

Kwa hiyo leo saa kumi na moja, Imani akichora ukuta na mimi nikimwacha achore, nilimpigia. Nilitaka nianze na salamu ndefu. Nikaanza kama mwizi.

"Mama mdogo, shikamoo. Ni mimi. Sagaa ya mama, ilikuwa na moshi?"

Nikasikia kuku kwake.

"Alikuwa anapika kwa kuni," akasema. "Ulitaka inuke nini, sabuni?"

Nilikaa chini.

"Na maziwa ulitia siku gani?" akauliza.

"Ya kwanza."

"Ya kwanza! Nani amekufundisha upumbavu huo?"

"Kuna dada mmoja, kwa simu."

"Hiyo simu ilizaliwa Kakamega?" Kisha akashusha sauti, lakini si sana. "Mama yako hakuwahi kutia maziwa siku ya kwanza. Hata siku moja. Ndiyo maana mtoto wako atakataa."

Sikuwa nimemwambia kwamba Imani alitema.

Nikamwomba anieleze basi, siku ya kwanza anafanya nini, ya pili anafanya nini. Nilikuwa na kalamu tayari, nimefungua ukurasa wa mwisho wa kile kitabu, mahali peupe. Akakataa.

"Mambo ya chungu sitakueleza kwa simu. Chungu kiko hapa. Njoo Desemba upike nikiangalia. Na ulete huyo mtoto nimwone, nasikia ana kichwa cha mama yako."

Nikauliza nani alimwambia. Akasema yeye pia huwa anauliza watu.

Bado nimekasirika, nisidanganye. Nilitaka neno moja tu, iko sawa au haiko sawa, na mpaka sasa hakuna mtu amenipa. Nimepoteza siku tatu na maziwa mazuri ya watu. Baba Imani amerudi, amekula iliyobaki, amesema iko sawa.

Nimemwambia mama mdogo tutakuja.

Pole kwa yale maneno ya mazishini sikumwambia. Hilo nalo halikutoka kwa simu.