Alivyotoka Baba, kwa Kiingereza

Jumamosi jioni, hapa nyumbani Kiminini. Mvua ilingoja tumalize kuzika ndio ianze. Viti vya plastiki bado viko nje, hema limelala upande mmoja, na nina hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani. Hapana, najua. Ni kwangu mwenyewe.

Leo tumemzika baba.

Baba alituacha nikiwa darasa la tano. Alienda Bungoma, upande wa Kibabii, akaoa mama mwingine, akapata watoto watatu huko. Leo amerudi ndani ya sanduku, kwa sababu wazee wa pande zote mbili walikubaliana azikwe kwa shamba lake la kwanza.

Siku aliyoondoka naikumbuka yote. Mama alikuwa kwa mlango wa jikoni anachambua maharagwe. Baba akatoka na begi na redio. Akampita mama pale alipoketi, akavuka uwanja, akaelekea barabarani. Mama akamuuliza anaenda wapi. "Nafika Bungoma mara moja, narudi." Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu.

Kufikia Jumapili hadithi ilikuwa imegeuka. Ati mama alimtupia nguo nje. Ati ana mdomo, hakuna mwanaume angemvumilia. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyeanzisha, na kanisani wakamtoa mama kwa uongozi wa kikundi cha akina mama. Mwanamke aliyefukuza bwana ataongoza nani? Tangu hapo mama anakaa benchi ya nyuma kabisa.

Kwa hivyo kamati ya mazishi ilipoketi, mama aliomba kitu kimoja tu, na aliniomba mimi. "Ule wasifu si utaandika wewe? Andika vile alitoka. Watu wasikie sikumfukuza."

Niliandika mimi kwa sababu ni mwalimu wa Kiingereza, na huku kwetu mtu akifa anageuka Mwingereza. Hata kama maisha yake yote aliongea Kikuyu na ng'ombe wake, wasifu lazima uchapishwe kwa Kiingereza, karatasi ya kung'aa, picha ya rangi, kisha usomwe hivyo hivyo mbele ya wazee ambao hawaelewi kitu. Ukisoma kwa Kiswahili watasema familia haijasoma. Kiingereza cha mama kinaishia "good morning". Lakini hata yeye hakutaka lugha nyingine. Jina lake liliharibiwa ovyo ovyo, sasa alitaka lisafishwe kwa heshima.

Jumatano nilikuwa darasani nafundisha yale maneno ya Kiingereza yanayoonyesha kitu kinaelekea wapi: into, out of, past, across, towards. Watoto wakatoa sentensi zao. "The cow went into the maize." "The boda boda went past the church." Sentensi za kila siku, za watoto wanaojua ng'ombe akiingia kwa mahindi ya jirani siku hiyo ni vita. Nami nikashika chaki nikaandika: "The man walked out of the house, past his wife, across the compound and towards the road." Mwanaume alitoka nyumbani, akampita mkewe, akavuka uwanja, akaelekea barabarani.

Sikuwa nimeipanga. Msichana mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, alikuwa anaenda wapi?" Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Jioni hiyo niliichukua sentensi ya ubaoni vile ilivyokuwa, nikabadilisha tu "the man" ikawa "our father", "his wife" ikawa "our mother". Chini yake nikaongeza: "Nobody sent him away." Hakuna aliyemfukuza. Nikaituma kwa simu ya baba mdogo, ndugu yake baba, mwenyekiti wa kamati, ili apeleke Kitale ikachapishwe. Nililala vizuri siku hiyo. Nilijiona binti wa maana.

Leo asubuhi programu za mazishi zimefika kutoka Kitale. Nikafungua ukurasa wangu. "He later relocated to Bungoma in pursuit of business." Baadaye alihamia Bungoma kutafuta biashara. Basi. Hakuna nyumba aliyotoka, hakuna mke aliyepitwa. Mtu amehamia Bungoma kama ofisi ya serikali.

Nikamfuata baba mdogo nyuma ya hema. "Mwalimu, hiyo yako ilikuwa kali, bana," akaniambia. "Wageni wa Bungoma wako hapa. Marehemu hasemwi hivyo." Akanipigapiga bega, akaenda kupokea pastor. Sikubishana naye, kwa sababu sentensi yangu bado nilikuwa nayo kwa simu, na maikrofoni ingekuwa mkononi mwangu.

Ningeisoma.

MC akaniita. Nikasimama mbele ya watu. Nikamwona yule mama wa Bungoma na wanawe, kitambaa cheusi kichwani. Asubuhi alikuwa amenishika mikono yote miwili akasema, "Pole sana, mwalimu," na alimaanisha, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Nikawaona walimu wenzangu. Nikamwona pastor anaangalia saa. Nikafungua programu, nikasoma kilichochapishwa, neno kwa neno, kwa matamshi safi. Watu wakapiga makofi. Ati mwalimu amesoma kwelikweli!

Hakuna mtu alinizuia. Niliogopa kuonekana mtoto asiye na adabu mbele ya watu ambao miaka yote hii hawajamwonyesha mama adabu hata kidogo. Mwoga mkubwa mimi.

Na mama alikuwa pale mstari wa mbele, anaitikia kwa kichwa kila sentensi.

Wageni walipoondoka alinifuata jikoni. "Umesoma vizuri," akasema. "Ulisema vile alitoka?"

"Nilisema, mama."

"Na kwamba sikumfukuza?"

"Hata hiyo nilisema."

Akaketi kwa kigoda. Mama hakuwa amelia tangu habari ya kifo itufikie, lakini hapo alilia, huku anacheka. "Basi wamesikia," akasema. "Wamesikia wote."

Ingeishia hapo, pengine ningejifunza kuishi nayo. Lakini akatoa programu kwa mfuko wa sweta, akatoa na kalamu, akaniambia nimwonyeshe mahali pameandikwa, nipapigie mstari ndio asipoteze. Ningesema kweli wakati huo. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, sikuwa na baba mdogo wa kusingizia. Nikachukua kalamu nikapiga mstari chini ya "He later relocated to Bungoma". Mstari mnyoofu kabisa, wa mwalimu. Akapaangalia sana, akapapuliza wino ukauke.

Sasa yuko chumbani kwake anapiga pasi nguo ya kanisa. Ananiambia kutoka huko huko kwamba kesho, ibada ikiisha, ataanza na mwenyekiti wa kikundi, halafu wengine mmoja mmoja, wajisomee wenyewe kwa macho yao.

Karibu wote wanasoma Kiingereza.

Namsikia anaimba. Mlango wake uko wazi, ni hatua kumi hivi kutoka hapa nilipo, na bado sijainuka.