Hatumufichi Mutu Kilio

Mama,

Nimekaa mbele ya masini yako ya kushona, lakini sishoni. Nimetandaza karatasi pale ulipokuwa unatandaza vitambaa. Kile kipande ulichokiacha chini ya sindano bado kiko palepale, hakuna aliyekigusa, nimeweka kiwiko pembeni yake. Tangu tutoke kanisani ninajaribu kuandika barua nyingine, imenishinda, basi nimeona nikuandikie wewe. Pengine ya kwako itakubali kutoka.

Salamu kwanza, maana ulikuwa humupendi mutu anayeingia na shida yake mudomoni kabla hajakaa. Mudogo wangu Vumilia ni muzima, anasoma, anangoja kufanya Exetat yake, mutihani wa serikali wa kumaliza shule, na anakula kuliko ulivyomuacha. Nyumba inasimama. Ile kona ya mabati iliyokuwa inavuja, inavuja bado. Chumvi imepanda bei, mboga ya sombe imepanda, samaki za sambaza hata sizitaji. Kambi ile tuliyokaa zamani haiko tena, watu waliambiwa warudi kwao, wakabeba plastiki zao kichwani. Vita viliingia muji muda mufupi baada ya kukuzika. Kuna siku ninasema heri wewe ulitangulia, kisha ninajikasirikia kwa kusema hivyo. Nimechoka, Mama. Si uchovu wa kulala ukapona.

Banki zimefungwa. Wewe banki ulikuwa huipendi, utacheka. Lakini pesa ya misioni ilikuwa inapitia kule, na ilipoingia, banki ilitoa karatasi, na karatasi hiyo Pasta aliituma kwa wafadhili huko kwao Ulaya, waone kweli imefika. Sasa pesa inavuka mupaka ndani ya mufuko wa mutu, na mufuko hautoi karatasi. Wafadhili wameanza kuuliza. Siwalaumu, hata mimi ningeuliza. Wanasikia Goma kwa redio, wanasikia risasi, halafu wanaambiwa pesa yao ilinunua nyuzi za ateliye, karakana ya kushona ya wajane. Nani ataamini?

Na wao hawajui kwamba umekufa. Hakuna aliyewaandikia. Tulitoka makaburini, hatujamaliza hata matanga, mabomu yakaanza, na kila mutu akashika watoto wake.

Ndiyo sababu Pasta aliniita ofisini, kwa biro yake, juma hili. Unamujua akiwa na aibu, anafuta miwani hata kama ni safi. Alisema wafadhili hawataki tena mahesabu, wanataka sauti wanayoijua, na sauti wanayoijua katika misioni nzima ni moja tu, ya kwako. Akanisogezea karatasi. Niandike ile barua yako ya kila mwaka ya kushukuru, kwa jina lako kama kawaida, useme ateliye inaendelea na musaada unafika. Habari ya kifo tutawapa baada ya Pasaka, mambo yakitulia. "Si uongo, Noella," alisema. "Ni kuchelewesha ukweli kidogo."

Niliwaza minervali, ile pesa ya shule ya Vumilia, ambayo inatoka kwa pesa ileile. Niliwaza mushahara wangu, na wale wajane wa ateliye wanaokuita mwalimu mpaka leo. Nikachukua karatasi nikaondoka. Usinikasirikie bado, ngoja nimalize.

Ukweli ni kwamba wewe ndiye ulikuwa mahesabu ya misioni, hata kabla ya hizo karatasi za banki. Ninaikumbuka foto ya kwanza. Tulikuwa tumetoka Masisi kwa miguu, tunalala chini ya plastiki juu ya mawe ya volkano, na wewe ulikuwa unapuliza moto wa kuni mbichi. Moshi ukakutoa machozi. Pasta akapiga foto. Huko kwao watu wakaona mama anayelia na bido ya manjano ya kuchotea maji pembeni yake, wakalia nao, wakatuma. Uliposikia ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Mimi nilikuwa nalilia kuni," ulisema. "Baambie batume kuni za kukauka."

Walituma kweli, na si kuni. Tukapata kiwanja hiki cha Katoyi, mbao, mabati, masini. Lakini kila mwaka foto iliyotakiwa ilikuwa ileile: mama, plastiki, bido. Mwaka mumoja Pasta akaja kukuchukua ukasimame mbele ya plastiki ya watu wengine, kwa sababu sisi hatukuwa nayo tena. Ulimuambia angoje. Ukaingia ndani, ukakawia sana, mimi nikimupa Pasta maji ya kunywa na maneno ya kupoteza wakati. Ukatoka na kitenge chako cha sikukuu, mafuta usoni, kilemba juu kama unaenda harusi ya mutoto wako. Ukasimama mulangoni kwetu, mukono juu ya masini. "Mutu akikupa mbegu," ulimuambia, "hapana kumuonyesha njaa. Unamuonyesha shamba."

Pasta alipiga, alicheka, alisema ni foto nzuri sana. Hakuituma. Wakimuona mama amenona hivi, alisema, watafikiri kazi imeisha. Akakuletea kopi, nayo iko hapa ukutani karibu na kalanda, inaniangalia. Huko kwao ikaenda tena ile ya moshi.

Kati ya wafadhili wote ni mumoja tu aliyekuandikia yeye mwenyewe, kwa mukono wake. Mama Hilde, yule mujane muzee. Wewe ulimuita Mama wa Goti, kwa sababu barua yake ya kwanza ilisema goti linamuuma, hawezi tena kulipiga kwa maombi, anaomba akiwa amekaa kwa kiti, na anajiuliza kama Mungu anasikia. Ulifurahi kupita kiasi. Ulisema, huyu sasa ni mutu. Tangu siku ile barua zako zote zilianza na goti. Wewe ulisema kwa Kiswahili, mimi nikaweka kwa Kifaransa, Pasta akaweka kwa luga yao, na njiani humo sijui ni maneno gani yako yalianguka, lakini goti lilifika kila mara, maana alijibu.

Halafu ukamushonea kile kitambaa cha kufunga goti, kitenge nje, flaneli ndani, kwa sababu ulisikia kwao kuna baridi. Nilikuambia wazungu wana vyao vya dukani. Uliendelea kushona. Pasta alikibeba alipoenda likizo Ulaya, na Mama Hilde akatuma foto yake amekaa kwa kiti, sketi imepanda kidogo, goti limevaa kitenge. Uliizungusha kartie nzima, mutaa wote, ile foto. "Muangalie mufadhili wangu," ulisema. "Na mimi namufadhili."

Basi leo nimekaa kuandika barua ya Pasta. Imekuja vizuri, na hiyo ndiyo iliyonitia woga. Sauti yako ninaijua. Nimeandika kwamba uko muzima kwa neema ya Mungu. Nimeandika ateliye inaendelea. Halafu nikaandika, kama desturi yako: goti lako linaendelea namna gani? Hapo kalamu ikasimama. Kwa sababu atajibu, Mama. Yule muzee atakaa chini ajibu, aeleze maumivu yake kwa mutu ambaye sisi tulishamufunika udongo. Atakuombea afya. Na mimi nitafungua barua ile, nitaisoma, nitajibu tena?

Nikamukumbuka binamu yako wa Bunagana. Mama yenu mudogo alipokufa kule, binamu yako alimuzika bila kukuambia, kwa sababu barabara ilikuwa na vita na hakutaka upite kwenye risasi. Alikuwa na sababu nzuri kabisa. Alipokuja hapa na kuku wa kuomba musamaha ulimupa kiti, ulimupa bugali, ulimupa maji ya kunawa, na mudomo wako ukabaki umefungwa mpaka akaondoka. Mimi niliona ni ukali wa bure. Nilikuuliza kwa nini unamutesa mutu aliyekutakia mema. Ukasema: "Aliniibia kilio changu. Mutu uliyekula naye, haumufichi kilio."

Mama Hilde alikula na wewe. Kwa mbali, ndiyo, lakini alikula. Na Pasta anataka tumufanyie kama binamu, kwa sababu nzuri vilevile.

Nimeipasua ile barua. Nimeandika nyingine, kwa jina langu. Nimemuambia Mama Hilde kwamba presha ilikuchukua, kitandani kwako, chini ya mabati yako mwenyewe, mukono mumoja kwa Vumilia na mwingine kwangu. Kwamba kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwa mvua. Kwamba nguo uliyozikwa nayo ilishonwa na wajane uliowafundisha, wakagombana juu ya kola. Nimemuambia banki zimefungwa, hatuna karatasi ya kumuonyesha, na akitaka kuuliza aulize, tutamujibu tunachokijua. Nimeitoa foto ya kitenge ukutani niiweke pamoja na barua. Nimeandika kwamba hii ndiyo ulitaka waione.

Ngoja kidogo. Ninaenda kwa Pasta, nikilala na barua ya Mama Hilde nitabadilisha mawazo.

Nimerudi. Nilimukuta anakula maharagi yake, bila nyama, kama sisi wote siku hizi. Gari la misioni liliporwa, amekonda, suruali anaifunga na kamba. Nilienda na hasira nikakosa pa kuiweka. Alisoma polepole. Aliniambia kwamba wafadhili wanaweza kuacha, kwamba watu wengi huko walikuwa wanatoa kwa ajili yako tu. Nikasema ndiyo, ninajua. Akashika foto ya kitenge, akaiangalia muda murefu, na miwani safari hii aliifuta kwa sababu ililowa. "Nilipaswa kuituma wakati ule," alisema. Kisha akachukua kalamu yake aanze kuweka barua kwa luga yao. Aliahidi kwamba hatapunguza neno. Kesho asubuhi kuna mutu anayevuka mupaka, ataibeba.

Sasa ninaogopa, Mama, nisikudanganye. Sina ushujaa wowote. Ateliye ikifungwa, wale mama watanitazama mimi. Vumilia hajui bado habari ya barua, nitamuambia akirudi kutoka kwaya. Ninajua atalia, kisha atauliza kuna nini cha kula.

Lakini masini hii haitauzwa, hilo ninakuahidi. Nitashonea watu yunifomu, nitapunguza suruali, nitaweka zipu, kazi zile ulizoniambia ni za mutu muvivu. Vumilia atafanya Exetat yake hata nikiuza sombe sokoni. Na binamu wa Bunagana nilimutumia ujumbe wa kifo chako siku ileile ulipokata roho, kabla ya mutu yeyote, kwa hiyo ukimufungia mudomo tena huko utakapokutana naye, hiyo ni juu yako.

Pumzika, Mama yangu. Usihangaike na kona ya mabati, nitapanda mwenyewe.

Kile kipande kilichokuwa chini ya sindano nimekimaliza sasa hivi. Niliona flaneli ndani yake ndipo nikaelewa: ulikuwa unamushonea Mama wa Goti kingine, cha kwanza kilishachakaa. Kitaenda kesho pamoja na barua. Nusu ni yako, imenyooka. Nusu ni yangu, mushono umepinda. Nilitaka kuufumua nianze upya, kisha nikauacha. Mama Hilde akikifunga kwa goti atapitisha kidole, na pale mushono unapoanza kupinda atajua ni hapo ulipotuacha.

Mutoto wako,
Noella